Kazi Yenu Ni Mdomo: Kuufungua na Kuufunga

(Maneno niliyowaambia wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii wilayani Sengerema, siku ya kwanza ya mafunzo yao ya afya ya uzazi. Nimeyatoa kwenye daftari langu. Pale nilipotoka nje ya daftari, nimeyaacha kama yalivyotoka.)

Mwangaluka!

Ndugu Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, wenyeviti wa vitongoji, sheikh na mchungaji mliokubali kukaa benchi moja na katoni ya kondomu, na ninyi wahudumu wapya: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, wabeja sana kwa kuja. Najua waliovuka kwa mtumbwi wameamka saa kumi usiku.

Ratiba inasema nina nusu saa. Mimi ni mkunga mstaafu, na mkunga hahesabu dakika, anahesabu uchungu. Mtanivumilia.

Asubuhi mlipoingia niligawa vikaratasi. Niliwaomba kila mmoja aandike, bila jina, neno analotumia nyumbani kwake anapotaka kutaja ugonjwa wa zinaa. Mlipokuwa mnakunywa chai nikavisoma. Viko 40. "Gono" limetokea mara tisa. "Kisonono" mara nne, nadhani hao walikumbuka mtihani wa sekondari. Watatu wameandika "kukanyaga waya", ingawa huo ni UKIMWI, si gono. Watano wameandika "ule ugonjwa". Yupo aliyeandika "ugonjwa wa kikubwa", na yupo aliyeandika "ugonjwa wa mjini", kana kwamba vijidudu vinapandia basi stendi ya Nyegezi. Sita wameandika "chango", na hilo tutalirudia, maana ndani ya neno hilo wamelala wagonjwa wengi. Vikaratasi 11 havina kitu.

Hivyo vitupu ndivyo nilivyovipenda. Aliyerudisha karatasi nyeupe amesema kweli: kwetu neno hilo halipo, halisemwi. Mama akiona uchafu kwenye nguo ya ndani ya binti yake anachemsha mwarobaini. Baba akikojoa usaha anamwendea mganga usiku, kwa njia ya nyuma. Kila mmoja anadhani kijiji kizima ni kizima isipokuwa yeye.

Mnajua mpango huu ulizinduliwa Dar es Salaam Januari 2024, na hesabu iliyotajwa ni wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanaume. Mafunzo ni ya miezi sita. Mtafundishwa kupima mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo, mtafundishwa malaria, kifua kikuu, vyoo bora. Habari hizi za uzazi na magonjwa ya zinaa zitapata siku zake chache. Nawaambia mapema: hii ndiyo sehemu mtakayoifaulu kwenye karatasi na kuishindwa mlangoni kwa mtu.

Nasema hivyo kwa sababu tumeshawahi kuishindwa, hapahapa.

Wenye umri wangu mnaikumbuka MEMA kwa Vijana, ule mradi wa kuwakinga vijana na VVU, magonjwa ya zinaa na mimba. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya nne: Sengerema, Geita, Misungwi na Kwimba. Jamii 20 zilichaguliwa, 10 zikapata mradi na 10 zikabaki za kulinganisha. Walimu walifundishwa namna ya kufundisha darasa la tano hadi la saba. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumpokea kijana bila kumkaripia. Vijana wa vijijini wenyewe walichaguliwa wakapewa kondomu wazisambaze. Ilikuwa kazi ya watu waliojituma, msije mkasikia ninaibeza. Kisha ikaja hesabu. Kwenye maswali vijana wa mradi waliwashinda wenzao: walijua VVU inaambukizwaje, walijua mimba inazuiwaje. Walipopimwa, VVU haikuwa imepungua, malengelenge ya sehemu za siri hayakuwa yamepungua, na mimba zilikuwa zilezile. Watafiti wakarudi tena 2007 na 2008, wakapima vijana karibu 14,000. Jibu halikubadilika.

Niliposikia matokeo hayo nilikasirika, kama mtu aliyeambiwa mtoto aliyemlea si wake. Baadaye hasira ikaisha nikaanza kumfikiria binti mwenyewe. Anajua kila kitu. Ana miaka 15, anatembea kilomita sita kwenda shule, na njiani yupo wa bodaboda anayempa lifti bure, au mvuvi ametoka ziwani na hela ya dagaa, anamnunulia sabuni, daftari, chipsi siku ya mnada. Yule mwanaume nani alimfundisha? Baba wa binti, asiyeuliza sabuni imetoka wapi, nani alimfundisha? Tulimfunza anayewindwa, tukamwacha mwindaji akinywa kahawa kijiweni.

Kwa hiyo mkiniuliza nani wa kuanza naye, nitawajibu: anzeni na wanaume wenye hela na wazazi wenye aibu. Binti mwambieni naye, ana haki ya kujua, ila msimbebeshe mzigo wa kijiji peke yake.

Mkoa wetu una hadithi nyingine, ya miaka michache kabla ya hiyo. Kati ya 1991 na 1994 zilichukuliwa jamii 12 za mkoa wa Mwanza. Kwa nusu yake, vituo vya afya vilihakikishiwa dawa za magonjwa ya zinaa, wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja maabara ya wilaya, na waelimishaji wakapita vijijini kuwaambia watu kwamba dawa ipo. Basi. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU upande ule yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Sababu yake mtaisoma kwa urefu wiki ijayo. Kwa kifupi, kidonda sehemu za siri ni mlango uliofunguliwa, na VVU inapita hapo.

Wale waelimishaji waliopita vijijini walikuwa na kitu cha kuahidi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi, na wenye shahada zao wanaweza kunibishia. Kabla hujamwambia mtu "nenda zahanati", nenda wewe kwanza. Uliza dawa zipo au zimeisha. Ujue zamu ya nani, na kama ni yule anayesema kwa sauti ya mnadani "wewe umekuja na gono tena?", ujue siku ambayo hayupo. Mganga Mfawidhi ananiangalia. Nilishakuwa mimi yule mwenye sauti, ndugu yangu, namjua.

Na kwa nini mdomo? Tazameni takwimu za utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023. Kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU, wanaojua hali zao ni karibu 83. Ukichukua 100 wanaojua, karibu 98 wanatumia dawa. Ukichukua 100 wanaotumia dawa, 94 virusi vyao vimefubaa, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Angalieni tobo liko wapi. Dawa ipo, ni bure, inafanya kazi. Tobo liko pale mwanzoni kabisa, kwa wale 17 ambao hawajajua. Kuna kipimo mtu mzima anajipima mwenyewe chumbani kwake, na tangu sheria ilipobadilishwa 2019 kijana wa miaka 15 anapima bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Anachokosa ni mtu wa kumwambia hayo bila kumtazama kama mwizi.

Sasa mdomo unafunguliwaje? Nimeona wahudumu wanaingia kwa mtu, wanafungua kitabu, wanaanza: "Leo tutazungumzia magonjwa ya ngono." Mama mwenye nyumba anainuka kwenda kuangalia moto, na moto huo hautaacha kuangaliwa mpaka uondoke. Msianze na tendo. Anzeni na mwili. "Mama Fulani, mkojo haukuchomi?" "Mgongo huu unaolalamikia, ukiwa na mumeo hauzidi?" "Damu inakuja nje ya siku zako?" Hayo ni maswali ya mtu anayejali, na mwanamke atayajibu akiwa anachambua mchele. Swali la "umelala na nani" liacheni kabisa. Hata mimi na kofia yangu ya uuguzi sijawahi kupata jibu la kweli la swali hilo.

Na mkwe? Nimeulizwa mlangoni na dada mmoja hapa: nitamwambiaje baba mkwe? Usimwambie. Ndiyo maana mko wawili. Mwenzako wa kiume amkute anakochungia au kwenye bao.

Nilisema tutalirudia neno "chango".

Miaka hiyo nilikuwa zahanati moja ya kando ya ziwa. Akaja mwanamke kijana, hajafika miaka 25, anatokwa uchafu, anatoka damu baada ya tendo la ndoa, tumbo la chini linamuuma. Nikamwandikia dawa za gono. Akarudi baada ya miezi miwili, vilevile. Nikamwandikia tena, na safari hii nikamsema: mwambie mumeo aache kuzurura. Mume aliposikia hivyo aligeuza, akasema anayezurura ni yeye. Akampiga, akamrudisha kwao na mtoto mgongoni. Mwaka uliofuata alikuja daktari wa ziara, akamlaza, akampima kwa kile chombo cha kufungulia, akaniita. "Sista, angalia hapa." Kwenye shingo ya kizazi palikuwa na vijipele vya rangi ya njano, kama punje za mchanga zilizoshikwa na udongo. Mayai ya kichocho. Mwanamke yule alikuwa analima mpunga maji yakiwa magotini tangu ana miaka minane. Alikuwa anafua ziwani, anaoga ziwani, anachota ziwani. Hakuzurura mahali popote.

Kichocho cha sehemu za siri kinafanana na zinaa kwa dalili, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba Afrika wanawake na wasichana wenye tatizo hili wanaweza kufika milioni 56. Kinatibiwa kwa vidonge vilevile vinavyogawiwa shuleni, wale wa zamani mnavikumbuka kwa ukubwa. Vidonge vinaua minyoo. Makovu mengine yanabaki, ndiyo maana ni heri kuwahi. Huku kwetu, mwanamke akikuambia ana chango na amezoea maji ya ziwa au jaruba la mpunga, liandike neno "kichocho" kwenye karatasi ya rufaa, hata kama nesi atakununia. Mimi ningeandikiwa karatasi ya namna hiyo, ndoa ile isingevunjika kwa mkono wangu.

Tuje kwenye kuufunga.

Mradi mmoja, siutaji, uliwapa wahudumu wake fulana nyeupe zenye maandishi mekundu mgongoni kuhusu UKIMWI, na baiskeli za rangi moja. Walifurahi, nani asiyependa baiskeli. Mhudumu mmoja mwaminifu sana, mtu wa kanisani, alikuwa akimtembelea mama anayeanza dawa, kila Jumanne, kumkumbusha. Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Anaegemeza baiskeli kwenye mwembe, anaingia, anakaa robo saa, anaondoka. Mama yule alikuwa anauza mandazi gulioni. Jumanne ya kwanza na ya pili hakuna kitu. Baada ya mwezi alianza kurudi na beseni limejaa nusu. Halafu likarudi limejaa lote, mandazi yamekauka, amefunika na kanga ileile aliyoondoka nayo. Mhudumu hakutoa siri. Baiskeli ndiyo iliyosema, ikiwa imeegemea mwembe.

Mama akaacha kuchukua dawa kliniki ya hapo, akawa anapanda gari kwenda kuzifuata mbali mahali asikojulikana. Mwezi nauli ikikosekana, dawa zinakosekana.

Kwa hiyo nyumba zote za kitongoji ziingieni. Ingieni kwa bibi asiye na ugonjwa wowote, mkae robo saa ileile, mnywe uji. Ingieni kwa mwenyekiti. Mtu akikuona unaingia kwa jirani yake, asipate cha kukisia. Majina msiyaandike kwenye daftari ambalo mtoto wako anachorea. Mkimkuta mtu wenu kwenye foleni ya kliniki, mngojeni asalimie kwanza yeye, asiposalimia, hamjuani. Mkikutana mnadani, msalimie kama ulivyokuwa unamsalimia mwaka juzi, usiongeze huruma. Huruma ya ghafla nayo ni tangazo.

Fulana mkipewa, vaeni siku ya maadhimisho.

Lakini siri ina mpaka, na hapa wenyeviti nawaomba mnisikilize pamoja nao. Mtoto wa miaka 12, 13, ameingiliwa. Jioni wazee wanakaa, baba wa kijana anatoa ng'ombe, watu wanashikana mikono, asubuhi mhudumu anaambiwa "hilo tumelimaliza kifamilia, wewe kausha". Hiyo si siri, wanangu. Ni kosa la jinai, na anayelifunika ameshiriki. Mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, asiogeshwe, nguo alizovaa zibebwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kumkinga na VVU zina maana zikianza ndani ya saa 72; ikipita hapo mlango umefungwa. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Simu 116 ni bure. Wazee, najua ng'ombe wanaonekana, wanatembea, wanakamuliwa, na kesi haionekani. Ila saa 72 hazingoji kikao chenu.

Na binti akipata mimba akiwa shule, wapo wazazi hata leo wanaoamini amefukuzwa moja kwa moja. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Mbebeeni mzazi habari hiyo mapema, kabla hajamtafutia mchumba kwa hasira.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, tangu 2024. Mtasikia kwamba inaondoa uzazi. Mwenye mtoto wa kike hapa aliyechanjwa, awe wa kwanza kusema kijijini kwake. Maneno marefu hayasaidii hapo.

Posho sitaizungumzia, hiyo ni ya Mtendaji. Nitasema tu kwamba nimeona wahudumu wazuri wakiacha kazi hii kwa sababu ya buti za mvua, si kwa sababu ya mshahara. Buti, Mtendaji.

Kondomu ni kesho asubuhi, kwa mfano wa mbao, na kila mmoja atavalisha mbele yetu: kusoma tarehe, kusikia kama hewa ipo kwenye pakiti, kuchana kwa vidole si kwa meno, kubana ncha, kushusha mpaka shinani. Mafuta ya mgando hapana, yanautoboa mpira. Na hizi za bure msizirundike chini ya bati. Sheikh na mchungaji saa hiyo mnaweza kwenda kutuangalizia chakula, ila mkibaki hatutawafukuza.

Sasa kazi ya leo. Vikaratasi vile 40 nimevichanganya, viko kwenye kofia hii. Kila mmoja achukue kimoja bila kuchagua, akae na mtu asiyemjua, alitamke neno lililoandikwa kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza bei ya nyanya. Halafu mwenzake amuulize swali moja la mwili, kama nilivyosema. Watakaopata kile kitupu wasirudi kwangu kubadilisha. Wakae hivyohivyo wanatazamana, mpaka mmoja wao apate neno la kutia hapo. Nina saa, na chakula bado hakijaiva. Anzeni.